Mji unakua, nyumba hazitoshi: kamati ya makazi ianzie wapi?

"Mji wetu ni mdogo, watu kama 16,000, lakini tangu chuo kifunguliwe na barabara kuu ipite jirani, watu wanahamia kila mwezi. Kodi ya pango imepanda hadi walimu na wauguzi vijana wanaishi miji ya mbali na kuja kazini kwa basi. Baraza limeunda kamati ya mpango wa makazi, nami nimeteuliwa ingawa mimi ni mwalimu tu. Kuna kampuni inataka kujenga nyumba 200 za vyumba vitatu kwenye hekta 20 za mashamba nje ya mji, na inaahidi kwamba 20 kati yake zitakuwa za bei nafuu. Wenyeji wanapinga ghorofa za aina yoyote wakisema zitashusha thamani ya nyumba zao. Vijana wanataka kodi zisimamishwe kwa amri. Kanuni zetu zinataka kila kiwanja kiwe angalau mita za mraba 600 na kila nyumba iwe na nafasi mbili za magari. Baraza lina ardhi yake karibu na kituo cha mabasi na linafikiria kuiuza ili lizibe pengo la bajeti. Mtaalamu, tuanzie wapi?"

Ndugu muulizaji, nianze na jambo lisiloweza kungoja. Kama kikao cha kuuza ile ardhi ya baraza kiko karibu, nenda ukaombe kiahirishwe. Karibu kila kitu kingine nitakachokueleza hapa kinaweza kurekebishwa baadaye kwa kubadili kanuni. Ardhi ya umma ikishauzwa hairudi, na ikirudi inarudi kwa bei ambayo mji wenu hautaimudu. Nitaieleza kwa kirefu mbele, maana hiyo ndiyo silaha yenu kubwa kuliko zote.

Sasa swali lenyewe. Ninavyokuelewa, mnaogopa kwamba watu wanaouhudumia mji watasukumwa nje na bei, na wakati huohuo mnaogopa kwamba mkikimbilia kujenga mtauharibu mji mnaoupenda. Hofu zote mbili zina msingi. Halafu kuna ya tatu umeitaja pembeni: kwamba wewe ni mwalimu tu. Hiyo iweke kando. Kamati za namna hii hazikosi watu wa ramani na tarakimu. Zinachokosa ni mtu wa kuuliza kila mara, "Nyumba hii ni ya nani hasa?" Mwalimu anazijua familia za mji wake kuliko kampuni yoyote.

Hapo ndipo pa kuanzia: msihesabu nyumba, hesabuni kaya. Yuko mwalimu mpya anayeishi peke yake. Yuko muuguzi wa zamu za usiku anayehitaji kukaa karibu na kazi. Kuna familia ya watu saba na bibi yao. Kuna wanafunzi wanne wanaochangia nyumba moja, na kwa sababu wanalipa wanne, wanaishinda familia yenye mshahara mmoja. Yuko mjane anayeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, ambaye angehama kesho kama mtaa wake ungekuwa na nyumba ndogo ya kuhamia. Mafundi waliokuja kwa mkataba wa miezi minane nao wamo. Watu hawa wote soko lenu linawapa kitu kimoja: nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja kikubwa. Kwa hiyo sehemu ya uhaba wenu haitokani na upungufu wa vyumba. Vyumba vipo, ila vimegawanywa kwa namna isiyolingana na watu waliopo. Ukiyaweka maelezo ya kaya kwenye safu moja (ukubwa, kipato, inapofanya kazi) na nyumba zilizopo kwenye safu nyingine, pengo litajionyesha lenyewe, na mara nyingi litakuwa kwenye nyumba za chumba kimoja na viwili za kupanga.

Dhana iliyozoeleka kupita zote ni kwamba nyumba nafuu ni nyumba iliyojengwa kwa vifaa hafifu. Sivyo. Sehemu kubwa ya bei huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa, siku mpimaji anapochora viwanja. Tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kikaoni.

Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa mita 100, viwanja pande zote mbili. Kiwanja cha mita za mraba 600 kwa kawaida huwa mita 20 kwa 30, zile mita 20 zikitazama barabara. Kila upande vitaingia viwanja 5, jumla kaya 10. Lami, bomba la maji, bomba la majitaka, mtaro wa mvua, nguzo za umeme na taa, vyote hivyo gharama yake inagawanywa kwa 10. Sasa ruhusuni kiwanja cha mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200. Barabara ileile inahudumia kaya 20. Ruhusuni nyumba zilizoshikana, kila moja ikiwa na upana wa mita 6: zinaingia 16 kila upande, jumla kaya 32. Hakuna tofali lililopunguzwa wala saruji iliyochakachuliwa, lakini mzigo wa miundombinu kwa kila kaya umeshuka hadi chini ya theluthi moja, na ardhi inayolipiwa na kila kaya imepungua zaidi ya hapo. Kinachoumiza ni upana wa mbele wa kiwanja kuliko hata eneo lake lote. Kiwanja chembamba na kirefu ni rafiki wa mwenye kipato cha kati, na ajabu ni kwamba vitabu vingi vya kanuni hubishana juu ya eneo na kusahau upana.

Kumbuka pia kwamba miundombinu haimaliziki kulipwa siku ya uzinduzi. Bomba litapasuka, lami itachimbika, taa zitaungua, na baraza ndilo litakalozitengeneza kwa miaka 50 ijayo. Mji uliotawanyika hulipa urefu wa mabomba yake milele. Wenyeji wanaosema kodi ya majengo iko juu na wakati huohuo wanatetea viwanja vya mita 600 wanapaswa kuonyeshwa hesabu hii kwa upole.

Kanuni ya magari mawili nayo ni nyumba iliyofichwa. Nafasi moja ya gari ni kama mita 2.5 kwa 5, lakini ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia unafika mita za mraba 25 hadi 30. Mbili ni 50 hadi 60. Hilo ni eneo kubwa kuliko nyumba ya chumba kimoja yenye sebule na jiko. Mtu asiye na gari anajengewa nyumba ya pili kwa ajili ya gari asilonalo, kisha analipia zote mbili. Profesa Donald Shoup wa Marekani alilichambua jambo hili kwa kina katika kazi yake ya mwaka 2005, na tangu hapo miji mingi imefuta viwango vya lazima vya maegesho, ukiwemo Minneapolis mwaka 2021. Kufuta sharti si kupiga marufuku maegesho. Anayeyataka atayajenga, na anayeyahitaji atayalipia.

Tuje kwenye ardhi, ambako ndiko watu wengi hupotea. Husemwa kwamba nyumba ni ghali kwa sababu ardhi ni ghali. Ni kweli kwa nusu. Bei ya ardhi nayo hutokana na kile kinachoruhusiwa kujengwa juu yake. Anayetaka kujenga hupiga hesabu kutoka mwisho: nitauza kwa kiasi gani, nitoe gharama za ujenzi, riba, vibali na faida, kinachobaki ndicho ninachoweza kumpa mwenye shamba. Ndiyo maana mkiruhusu ghorofa kwenye kipande kimoja tu cha mji, mwenye kipande hicho ataamka tajiri na wapangaji hawatahisi nafuu yoyote. Mkiruhusu aina nyingi za nyumba karibu kila mahali, wenye ardhi wanakuwa wengi, hakuna anayeweza kuwabana wajenzi, na nafuu hubaki na nafasi ya kumfikia mnunuzi.

Auckland, New Zealand, ilifanya hivyo mwaka 2016: mpango wake mpya uliruhusu ujenzi wa msongamano zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi ya makazi. Katika miaka iliyofuata vibali vya nyumba viliongezeka sana, hasa vya nyumba zilizoshikana ambazo awali zilikuwa chache. Houston, Marekani, ilishusha mwaka 1998 kiwango cha chini cha kiwanja kwenye maeneo yake ya ndani kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400, yaani kutoka kama mita 465 hadi 130, na mitaa mingi ikajaa nyumba nyembamba za ghorofa tatu. Hiyo ni miji mikubwa, najua, lakini hesabu ya upana wa kiwanja haijui idadi ya watu. Naongeza tahadhari moja. Minneapolis ilipofuta sharti la nyumba moja kwa kila kiwanja na kuruhusu tatu, nyumba za namna hiyo zilizojengwa zilikuwa chache, kwa sababu masharti ya ukubwa wa jengo yaliachwa yaleyale ya nyumba moja. Ukimruhusu mtu kujenga nyumba tatu ndani ya gamba la nyumba moja, umemruhusu kwa maneno tu. Kila mnachokiruhusu, mpeni mchoraji mmoja ajaribu kukichora kwenye kiwanja halisi cha mji wenu. Kama hakichoreki, kanuni haijakamilika.

Utasikia pia kwamba nyumba mpya za wenye fedha hazimsaidii mwalimu. Nililisikia hilo kwenye vikao vingi, na lina sura ya haki. Lakini fuatilia kinachotokea. Anayehamia nyumba mpya anaacha nyumba aliyokuwa nayo, anayeingia humo anaacha ya kwake, na mnyororo unashuka. Mchumi Evan Mast aliwafuatilia wakazi 52,000 wa majengo mapya 686 katika miji mikubwa ya Marekani, akakadiria kwamba jengo jipya la bei ya soko lenye wakazi 100 huwawezesha, hatimaye na zaidi ndani ya miaka michache, watu kati ya 45 na 70 kuhama kutoka mitaa yenye kipato cha chini ya wastani na kuacha nafasi humo. Si jambo dogo. Ila lina mipaka miwili inayowahusu ninyi moja kwa moja. Katika mji mdogo unaovutia wageni, mnunuzi wa nyumba mpya anaweza kuwa ametoka mji mwingine, na mnyororo ukaendelea huko alikotoka, kwenu usifike. Pili, mnyororo hukatika kabla ya kuwafikia wenye kipato cha chini kabisa. Hao hawawezi kungoja soko liwashukie. Wanahitaji ruzuku au ardhi ya umma, na mpango unaojifanya haulijui hilo si mkweli.

Vijana wanaotaka amri ya kusimamisha kodi nawaelewa kabisa. Mtu aliyeambiwa mwezi huu kodi inapanda kwa robo hana muda wa kusikia habari za upana wa viwanja. Na udhibiti wa kodi huwalinda kweli waliomo ndani. Wachumi waliochunguza San Francisco, ambako mwaka 1994 udhibiti ulipanuliwa hadi majengo madogo ya zamani, waliona wapangaji waliolindwa walibaki kwenye nyumba zao zaidi ya wengine. Lakini wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wengine wakiziuza, wengine wakizibomoa na kujenga upya, na kodi katika mji mzima ikapanda. Mji wa St. Paul, Minnesota, nchini humohumo, ulipitisha kwa kura mwaka 2021 kikomo cha ongezeko la kodi cha asilimia 3 kwa mwaka bila kuyasamehe majengo mapya. Maombi ya vibali yakaporomoka, na mwaka uliofuata baraza likalazimika kuyasamehe majengo mapya kikomo hicho kwa miaka 20. Maoni yangu: katika mji wenye uhaba, msigandishe kodi. Fanyeni yale yanayomlinda mpangaji bila kumfukuza mjenzi. Notisi iwe ndefu kabla ya kodi kupanda, mpangaji asitolewe bila sababu iliyoandikwa, fedha ya dhamana anayotoa mpangaji iwe na kikomo, na kama lazima kuwe na kiwango cha juu cha ongezeko, kiwe juu ya mfumuko wa bei na kisiguse jengo jipya kwa miaka mingi.

Wenyeji na ghorofa. Usiwadharau. Kwa wengi wao nyumba ndiyo akiba yote ya maisha, na mtu anayelinda akiba si mchoyo. Utafiti unasema nini? Rebecca Diamond na Tim McQuade walichunguza majengo ya kupangisha ya bei nafuu yaliyojengwa kwa msamaha wa kodi ya mapato nchini Marekani. Katika mitaa ya kipato cha chini, thamani ya nyumba zilizo jirani kabisa ilipanda kwa asilimia 6.5. Katika mitaa ya wenye kipato cha juu ambako watu wa jamii za wachache hawakuwa wengi, ilishuka kwa asilimia kama 2.5. Kwa hiyo anayesema haina athari kamwe hasemi ukweli wote, na anayesema mtaa utaporomoka anatia chumvi nyingi. Kinachofaa ni kuacha kubishana juu ya neno "ghorofa". Kati ya nyumba moja ya bustani na jengo la ghorofa kumi kuna mengi: nyumba mbili zilizopandana, nyumba nne zenye mlango mmoja wa mbele, safu ya nyumba zilizoshikana, kibanda cha kupangisha nyuma ya nyumba kubwa, ua wenye nyumba ndogo nane. Nyingi kati ya hizi hazizidi urefu wa mti. Wekeni masharti juu ya umbo (urefu, umbali kutoka barabarani, dirisha lisichungulie ua wa jirani) badala ya kuhesabu familia zilizomo ndani. Na muanze na ile nyumba ndogo ya nyuma, kwa sababu inampa mwenyeji mwenyewe kipato cha kodi. Mpinzani akigundua kwamba yule mjane anaweza kuhamia nyumba ndogo uani mwake na kuipangisha ile kubwa, sauti kikaoni hubadilika haraka kuliko kwa hotuba yoyote.

Sasa ile kampuni na nyumba zake 200. Sikushauri mkatae wala mkubali. Nakushauri muulize mambo ambayo pendekezo halijayajibu. La kwanza ni nani anafaidika na saini yenu. Shamba likigeuzwa kuwa eneo la makazi, thamani yake hupanda kwa uamuzi wa baraza, kabla mtu hajatoa jasho. Colombia ina sheria ya mwaka 1997 inayoruhusu manispaa kuchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya ongezeko hilo. Kama sheria yenu haina kitu cha namna hiyo, bado mnaweza kujadiliana: ardhi ya shule itolewe bure, bomba kuu lijengwe na kampuni, au sehemu ya viwanja virudi kwa baraza.

Swali jingine: nafuu kwa nani, na mpaka lini? Nyumba 20 "za bei nafuu" zisizo na kipato kilichoandikwa ni tangazo la biashara. Andikeni kwamba ni nafuu kwa kaya yenye kipato cha mwalimu anayeanza kazi au muuguzi, na kwamba itabaki hivyo akiuza, na mnunuzi wake akiuza. Kipimo cha asilimia 30 ya kipato kwa makazi kinatumika sana, lakini kwa nyumba ya nje ya mji jumlisheni na nauli, kwa sababu kilichookolewa kwenye kodi huliwa na basi. Kuhusu idadi, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, katika kanuni zake za mitaa endelevu inapendekeza asilimia 20 hadi 50 ya eneo la sakafu za makazi liwe la nyumba za gharama nafuu, na aina moja ya umiliki isizidi nusu ya zote. Nyumba 20 kati ya 200 ni asilimia 10, na sioni palipotajwa nyumba za kupanga. Wapangaji wako wapi? Lakini msikimbilie kudai asilimia 40 bila ruzuku pia. Mkibana kupita kiasi, hesabu ya kampuni haitatoka na hamtapata hata moja. Njia ya katikati ni kubadilishana: mnawaruhusu viwanja vyembamba ili hekta zilezile 20 zibebe nyumba 350 badala ya 200, wao wanawapa aina tatu au nne za nyumba, za kupanga zikiwemo, na sehemu kubwa zaidi ya nafuu.

Halafu kuna suala la umbali. Mexico ilijenga mamilioni ya nyumba ndogo zinazofanana kwenye viunga vya miji mwanzoni mwa karne hii, kwa sababu ardhi ya huko ilikuwa rahisi. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta takriban nyumba milioni 5 nchini humo hazina watu, na nyingi zilikuwa katika mitaa ya namna hiyo, mbali na kazi, shule na usafiri. Kama mashamba hayo hayaungani na barabara za mji uliopo, na kama mtoto hawezi kutembea hadi shuleni, mtakuwa mmenunua nyumba rahisi zenye maisha ghali.

Narudi kwenye ardhi iliyo karibu na kituo cha mabasi. Baraza likiiuza litaziba pengo la mwaka mmoja. Likiimiliki na kuikodisha kwa mkataba mrefu, litakusanya pato kila mwaka na litaamua nani anaishi hapo kwa vizazi viwili. Wakubwa wamefanya hivyo kwa kiwango kinachotisha: Singapore, ambako takriban asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye nyumba za shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1960, wengi kwa haki ya miaka 99, na Vienna, ambako karibu nusu ya wakazi wako kwenye nyumba za manispaa au za vyama visivyotafuta faida kubwa. Lakini mifano inayokufaa zaidi ni midogo. Whistler, mji wa utalii wa milimani nchini Kanada wenye watu wapatao 14,000, ulikuwa na tatizo lenu hasa, wafanyakazi kusukumwa nje na bei. Mwaka 1997 ukaanzisha chombo chake cha makazi. Nyumba zilizotengwa kwa wafanyakazi huuzwa kwa wafanyakazi tu, na bei ya kuuzia imefungwa kwenye kipimo cha mfumuko wa bei, haifuati soko. Burlington, Vermont, mji wa Marekani wenye watu wapatao 45,000, ulisaidia mwaka 1984 kuanzisha amana ya ardhi ya jamii, yaani chombo kinachoshikilia ardhi kwa niaba ya wakazi: mnunuzi ananunua nyumba, ardhi inabaki ya amana, na akiuza anachukua akiba yake pamoja na robo ya ongezeko la thamani, zinazobaki zinamfaa mnunuzi anayefuata. Hata Voi, Kenya, mtaa wa Tanzania-Bondeni ulijaribu umiliki wa pamoja wa ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili wakazi wasinunuliwe na kuondolewa mara baada ya kupata hati.

Mfumo huu una gharama yake, na wananchi waambiwe mapema. Anayenunua nyumba ya namna hii hatatajirika kwa kuiuza. Anapata utulivu na akiba ya wastani, basi. Pia unahitaji chombo chenye watu waaminifu wa kusimamia orodha ya wanaongoja, na orodha hiyo iwe wazi kwa kila mtu kuisoma. Nyumba za umma nyingi hazikuharibiwa na wasanifu. Ziliharibiwa na ugawaji wa gizani.

Kwa kaya zenye kipato kisicho na tarehe, wachuuzi na vibarua, benki haziwasaidii na nyumba iliyokamilika haiwafai. Hapo fikirieni nyumba ya kukua. Huko Iquique, Chile, mwaka 2004, kampuni ya msanifu Alejandro Aravena ilijenga kwa familia karibu 100 nusu tu ya kila nyumba: muundo, paa, bafu, jiko na ngazi, yaani yale yaliyo magumu kwa familia kujijengea. Nusu ya pili waliimalizia wenyewe kadiri walivyopata fedha, na hawakuhamishwa kwenda pembezoni. Mji wenu unaweza kuanza na kitu cha chini zaidi ya hapo: viwanja vidogo vilivyopimwa, vyenye maji, choo na hati, na kanuni inayokubali nyumba ikamilike kwa awamu bila mtu kupigwa faini.

Lipo jambo moja la kimya linaloongeza bei bila mtu kuliona: muda wa vibali. Anayejenga kwa mkopo hulipa riba kila mwezi faili likilala ofisini, na riba hiyo huishia kwenye kodi ya mpangaji. Kanuni zikiwa wazi, jengo linalozitimiza lipitishwe na ofisa bila kungoja kikao. Vikao vibaki kwa yale yanayoomba kutoka nje ya kanuni.

Mimi nasoma barua, sijaona udongo wenu. Yapo mambo ambayo usiyaamue kwa ushauri wa maandishi. Kabla ya kuongeza idadi ya kaya kwenye mtaa wowote, mhandisi wa maji na majitaka apime uwezo wa mabomba na mtambo uliopo. Kama mji unategemea mashimo ya choo, viwanja vya mita 200 vinaweza kuchafua visima, na hapo itabidi bomba litangulie. Mtaalamu wa udongo na mafuriko aitazame ardhi ya kituo cha mabasi na yale mashamba, hasa kama yako bondeni. Mpangomiji aliyesajiliwa akusaidieni kuziandika upya kanuni za viwanja na maegesho zisipingane na sheria ya nchi. Na makubaliano na kampuni, au mkataba wa kukodisha ardhi ya baraza, yasitiwe saini kabla mwanasheria wa ardhi anayelipwa na baraza, si na kampuni, hajayapitia. Mpelekee pendekezo lenyewe, ramani ya eneo, hati ya ardhi ya baraza na kanuni zenu za sasa, kisha umuulize kifungu kwa kifungu nini kitatokea kampuni ikifilisika katikati ya kazi, na ile bei nafuu itadaiwa na nani mahakamani miaka 15 kutoka sasa.